Uvimbe wa ubongo ulitolewa zamani, sasa mgongo unauma: mwongozo kamili wa ufuatiliaji kwa wagonjwa wa Dodoma na Kanda ya Kati

Dodoma kila mtu anaumwa mgongo. Anayepalilia zabibu Hombolo anaumwa, anayebeba madumu ya maji Chamwino anaumwa, karani wa Mtumba anayeshinda kwenye kiti naye anaumwa. Ndiyo maana mtu aliyewahi kutolewa uvimbe wa ubongo akilalamika mgongo anapewa kile wanachopewa wote: diklofenaki, dawa ya kuchua, na "punguza kazi nzito". Mara nyingi hiyo inatosha. Ila kwa baadhi ya aina za uvimbe wa ubongo, hasa zile adimu, maumivu hayo yanaweza kuwa uvimbe ule ule umeshuka kwenye uti wa mgongo, miaka mitano, kumi au zaidi baada ya upasuaji, huku picha ya kichwa ikiwa safi.

Mwongozo huu ni wa mgonjwa na anayemuuguza. Hauchukui nafasi ya daktari wako, lakini nina msimamo mmoja ambao nitaurudia: katika ugonjwa unaoweza kukaa kimya miaka kumi, kumbukumbu lazima ikae kwenu. Daktari aliyepasua atahamishwa au atastaafu. Faili la hospitali litapelekwa stoo. Mtoto aliyetibiwa akiwa darasa la pili atakuwa mtu mzima anayejua tu kwamba "nilifanyiwa operesheni ya kichwa".

Kwanza: jua jina kamili la uvimbe

"Uvimbe kwenye ubongo" si jina. Jina liko kwenye majibu ya kinyama kilichopelekwa maabara baada ya upasuaji, na bila hilo hakuna anayeweza kukwambia kama mgongo wako uko hatarini au la. Zipo nyingi ambazo karibu hazishuki kabisa. Zinazojulikana kwa kushuka ni meduloblastoma, ambayo ndiyo saratani ya ubongo inayoongoza kwa watoto, ependimoma, jeminoma na ndugu zake, pinealoblastoma, na uvimbe unaoota kwenye vitengeneza-maji vya ubongo. Nyurositoma ya katikati ya ubongo hushuka kwa nadra sana, lakini imewahi kutokea. Karatasi itayaandika kwa tahajia ya Kiingereza, ila ukiyasoma kwa sauti utayatambua.

Hemanjioperisitoma niiweke peke yake. Hii inasifika kwa kurudi ikiwa imechelewa mno, hata baada ya miaka kumi au ishirini, na mara nyingi hupita kwenye damu ikatua kwenye mifupa, mapafu au ini. Kwa hiyo kwake mgongo unaweza kuuma kwa sababu pingili yenyewe imeshikwa. Ukiwa na karatasi ya zamani yenye jina hilo, ujue kwamba uainishaji wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 umeliacha na kuuweka uvimbe huo chini ya jina lingine, hivyo daktari kijana anaweza kukuandikia jina usilolijua. Muulize kama ni kitu kile kile.

Pamoja na jina, andika daraja lake, yaani namba kuanzia 1 hadi 4. Uliza pia kinyama chenyewe kiko wapi. Maabara huhifadhi kipande ndani ya nta kwa miaka, na kipande hicho kinaweza kupimwa upya kwa vipimo ambavyo havikuwapo wakati wa upasuaji. Watu wachache sana huuliza hili.

Namna unavyoshuka

Ubongo na uti wa mgongo vinaelea kwenye maji ya aina moja. Kwa mtu mzima ni kama mililita 150 tu, lakini mwili hutengeneza karibu nusu lita kwa siku, kwa hiyo maji hayo hubadilishwa mara tatu hivi kila siku. Uvimbe uliogusa njia za maji hayo unaweza kuachia chembe zikazunguka nayo. Nyingine hushuka na kutua, hasa sehemu ya chini ya kiuno. Uti wenyewe kwa mtu mzima huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo ni mafungu ya mishipa ya fahamu yanayoelekea miguuni, kwenye kibofu na njia ya haja kubwa. Ndiyo sababu dalili nyingi huanzia huko.

Kwa nini miaka mingi ipite? Chembe zinazokua polepole zinaweza kubaki chache, ndogo kuliko picha inavyoweza kuona, zikahitaji muda mrefu kufikia ukubwa wa kubana kitu. Upasuaji uliofanikiwa kichwani hauzigusi.

Pili: tengeneza faili lako

Nunua faili gumu la plastiki lenye mifuko. Humo ziingie: ripoti ya upasuaji, majibu ya kinyama, muhtasari wa mionzi, orodha ya dawa za saratani ulizopewa, na picha zenyewe kwenye CD au flashi, pamoja na ripoti zake. Nasisitiza picha zenyewe. Ripoti ni maoni ya mtu mmoja siku moja. Picha inaweza kusomwa upya na mwingine. CD huchubuka kwenye vumbi la kwetu, kwa hiyo nenda duka la kompyuta wakuhamishie kwenye flashi, kisha nakala nyingine iwe kwa ndugu.

Muhtasari wa mionzi ndio unaokosekana mara nyingi, na ndio wenye thamani kubwa uvimbe ukirudi. Uti wa mgongo una kikomo cha mionzi unachovumilia, kwa utaratibu wa kawaida ni kama Gy 45 hadi 50 (Gy, yaani grei, ni kipimo cha kiasi cha mionzi). Mtoto mwenye meduloblastoma anaweza kuwa alipigwa Gy 23.4 au 36 kichwa na mgongo wote, kisha akaongezewa pale uvimbe ulipokuwa hadi kama Gy 54. Mwingine alipigwa kichwa tu. Miaka kumi baadaye, tofauti hiyo ndiyo itakayoamua kama mgongo unaweza kupigwa tena, wapi na kwa kiasi gani. Omba karatasi inayoonyesha sehemu zilizopigwa, jumla ya Gy, idadi ya vipindi na tarehe. Ikiwa ulitibiwa Ocean Road au Bugando, nenda idara ya kumbukumbu na namba yako ya faili; ukiwa umeipoteza, nenda na jina kamili lililotumika wakati ule. Hapa ndipo majina ya ukoo yanaposumbua, maana wengi hubadili mpangilio wa majina wakipata kitambulisho cha taifa.

Kwenye dawa, angalia kama umo msamiati huu: vinkristini na sisiplatini. Ya kwanza hufanya miguu na vidole kufa ganzi, ya pili huharibu usikivu na figo. Ganzi ya vinkristini huja wakati wa tiba, miguu yote miwili, kisha hupungua taratibu. Ganzi mpya inayoanza miaka baadaye, hasa upande mmoja, haielezwi na dawa hiyo.

Tatu: hakikisha mgongo uliwahi kupigwa picha

Kwa aina zinazoshuka, mgongo wote hupigwa MRI, yaani picha ya mashine ya sumaku, mwanzoni kabisa, ikiwezekana kabla ya upasuaji. Ikishindikana, husubiriwa wiki mbili au tatu baada ya upasuaji, kwa sababu damu iliyoshuka inaweza kuonekana kama uvimbe. Picha hii ya mwanzo ndiyo ya kulinganishia. Wapo wagonjwa ambao hawakuwahi kuipata. Kama ni wewe, muombe daktari sasa, hata kama hujisikii vibaya.

Soma fomu kabla ya kutoka chumba cha daktari. Iandikwe mgongo wote, kuanzia shingoni hadi kwenye nyonga, kwa kontrasti, yaani dawa inayochomwa mshipani ili uvimbe uonekane. Fomu nyingi huandikwa kiuno peke yake kwa sababu ndipo panapouma, na uvimbe uliokaa kifuani unapitwa. Bila kontrasti, tabaka jembamba la uvimbe kwenye utando wa uti linaweza lisionekane. Eksrei haifai kwa kazi hii, na CT huonyesha mifupa vizuri lakini si utando unaozunguka uti.

Hapa Dodoma, MRI iko Hospitali ya Benjamin Mkapa. Piga simu kabla hujatoka Kondoa au Mpwapwa: uliza mashine inafanya kazi, kontrasti ipo, na kipimo cha figo kifanyike wapi, maana hukitaka kwanza. Mwambie mpiga picha kama una chuma chochote mwilini, kama una ujauzito, au kama umewekewa mpira wa kutoa maji kichwani. Baadhi ya mipira ina vali inayorekebishwa kwa sumaku, na hiyo lazima ikaguliwe baada ya MRI. Mtoto mdogo anaweza kuhitaji dawa ya usingizi. Ulizia mapema asile kuanzia saa ngapi, vinginevyo mtarudishwa.

Kuna kipimo kingine kinachowatisha watu kuliko hata upasuaji: kuvutwa maji ya mgongo. Nimesikia kwa masikio yangu wodini, shangazi akimwambia mama wa mtoto, "Usikubali, wa kwetu alivutwa maji akapooza." Sindano huingia chini ya pale uti unapoishia, kati ya mishipa inayoelea na kupisha, si kwenye uti. Kinachotokea zaidi ni kichwa kuuma siku chache. Hofu yenye msingi ni nyingine: kipimo hiki hakifanywi kama shinikizo kichwani limepanda, kwa hiyo picha ya kichwa hutangulia. Na kwa kutafuta saratani, maji machache hayatoshi. Kwa mtu mzima kama mililita 10 hutakiwa, na yafike maabara upesi kwa sababu chembe hufa. Jibu la "hakuna kitu" mara moja halifungi mjadala. Hurudiwa.

Nne: ratiba, na kwa nini mwaka wa tano si mwisho

Kila aina ina ratiba yake, na daktari wako ndiye atakayeipanga. Mpangilio wa kawaida ni MRI kila miezi mitatu au minne kwa miaka miwili ya mwanzo, kila miezi sita hadi mwaka wa tano, kisha mara moja kwa mwaka. Mgongo huambatana na kichwa kwa aina zilizo hatari au kwa aliyewahi kukutwa nao huko. Kwa wengine hupigwa kwa nafasi zaidi, au dalili ikitokea.

Shida huanza mwaka wa tano. Watu wamezoea kusikia kwamba ukimaliza miaka mitano umepona, na kwa saratani nyingi hiyo ni habari njema ya kweli. Kwa ependimoma, hemanjioperisitoma na nyingine zinazokua polepole, haitoshi kufungia faili. Ukiambiwa usirudi tena, uliza kwa heshima: "Daktari, kwa aina hii, mgongo wangu atauangalia nani na kila baada ya muda gani?" Jibu liandikwe kwenye kadi.

Jambo lingine ambalo sijaona likisemwa vya kutosha: picha mpya isilinganishwe na ya mwaka jana pekee. Kitu kinachokua kidogo sana kwa mwaka kitaandikiwa "hakuna mabadiliko" mwaka hadi mwaka. Kiweke karibu na picha ya kwanza baada ya tiba ndipo ukuaji uonekane. Hii ndiyo kazi ya ile flashi.

Watoto hupotea kwenye ufuatiliaji wakati wa kuvuka kutoka kliniki ya watoto kwenda ya watu wazima, au wanapokwenda shule ya bweni. Mpe matroni au mlezi wa bweni nakala ya ukurasa wa kwanza wa faili.

Tano: dalili zenyewe

Maumivu ya kazi huanza baada ya kazi na hutulia ukilala. Haya mengine huwa na tabia ya kinyume: huzidi usiku, humwamsha mtu, huongezeka akilala chali, akikohoa au akisukuma choo. Yanaweza kuteremka mguuni kama shoti ya umeme, au kuzunguka kifua kama mkanda uliokazwa. Mtoto hasemi lolote. Anakataa kuinama kuokota kitu, au mgongo unaanza kupinda.

Miguu usiulize tu, itazame. Mama mmoja aliona kandambili ya mwanawe inachomoka mguu wa kulia kila akitembea uani, ya kushoto imekaa. Kijana alikuwa anasema hana tatizo. Angalia soli imelika upande gani, kama anajikwaa kwenye kizingiti, kama anaweza kutembea kwa visigino kisha kwa ncha za vidole, kama anashika ukuta akifumba macho kunawa uso.

Kisha mambo ambayo watu huona haya kuyataja. Ganzi sehemu zinazogusa kiti cha baiskeli. Mkojo kugoma, kutoka kwa kusukuma, au kuvuja bila kujua. Choo kukaa siku nyingi. Nguvu za kiume kuisha ghafla. Hapa ndipo penye mtego wa kwetu: mkojo ukisumbua, unaambiwa una UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Unapewa antibayotiki, zikiisha unapewa nyingine. Kibofu kisichojikamua hupata UTI kweli, kwa hiyo kipimo kinaweza kuonyesha wadudu na bado chanzo kikawa mgongo. Ukitibiwa UTI mara ya pili na una historia ya uvimbe wa ubongo, omba upimwe mkojo unaobaki baada ya kukojoa. Ni altrasaundi tu.

Haki iende pande zote: si kila maumivu ni uvimbe. Kanda hii ya mifugo na maziwa yasiyochemshwa ina bruselosi, ambayo huleta maumivu ya mgongo na homa za kuja na kuondoka. Kifua kikuu hula pingili. Aliyetumia dawa za kupunguza kuvimba, kama deksamethasoni, kwa muda mrefu anaweza kuvunjika pingili bila kuanguka. Yote yapimwe. Lakini historia yako inaifanya MRI isiwe kipimo cha mwisho baada ya kila kitu kushindikana.

Sita: dharura

Miguu ikilegea kwa saa au siku chache, mkojo ukigoma, au ganzi ikipanda, tarehe ya kliniki haina maana tena. Nenda siku hiyo hiyo. Kinachotabiri zaidi kama mtu atatembea baada ya tiba ni kama alikuwa bado anatembea tiba ilipoanza, kwa hiyo siku tatu za kuchuliwa mgongo kwa fundi au kungoja Jumatatu zina gharama kubwa. Mlaze bapa kwenye gari, usimpakate kwenye pikipiki.

Ukifika, usianze na hadithi ndefu. Sema hivi: "Shikamoo daktari. Mwanangu alitolewa uvimbe wa ubongo aina ya ependimoma mwaka 2014. Tangu juzi mguu wa kulia umelegea na leo asubuhi hajakojoa. Tunaogopa umeshuka mgongoni. Faili hili hapa." Sentensi hizo hubadilisha foleni.

Anaweza kuwekewa mpira wa mkojo na kupewa deksamethasoni mara moja wakati picha inatafutwa. Dawa hiyo inauzwa madukani na watu hujinunulia; msifanye hivyo. Hupandisha sukari, huumiza tumbo, huficha maambukizi, na aliyeitumia kwa wiki kadhaa akiiacha ghafla anaweza kuanguka.

Kichwa nacho kisisahauliwe. Maumivu ya asubuhi yanayoambatana na kutapika, kuona viwili, au usingizi usio wa kawaida kwa mwenye mpira kichwani humaanisha huenda umeziba. Hiyo pia ni siku hiyo hiyo.

Saba: ukikutwa nao

Kwanza kichwa hupigwa picha upya, na kama uvimbe ni wa kupitia damu, kifua na tumbo pia. Panapokuwa na shaka huchukuliwa kinyama kipya, kwa sababu miaka kumi baadaye kinaweza kuwa kitu kingine, mathalani uvimbe mpya uliotokana na mionzi ya zamani. Bonge moja linalobana linaweza kupasuliwa. Lililotapakaa hupigwa mionzi, au dawa, au vyote, kutegemea aina na ile karatasi ya Gy. Jeminoma huitikia mionzi vizuri sana. Ependimoma iliyorudi ni ngumu zaidi lakini mtu anaweza kuishi nayo miaka, akitibiwa kila inapojitokeza. Muulize daktari lengo la tiba ni kuponya, kuzuia au kupunguza maumivu. Ana wajibu wa kukujibu. Maumivu yakizidi, morfini ya kunywa ipo na si ya wanaokata roho tu. Iambatane na dawa ya kulainisha choo.

Mionzi kwa mgonjwa wa Dodoma ina maana ya safari, mara nyingi Dar es Salaam. Hupigwa siku tano kwa wiki, na huweza kuchukua wiki kadhaa hadi sita, kwa hiyo tatizo kubwa ni pa kulala kuliko nauli. Tangu 2024 treni ya SGR imewapunguzia wenye mgongo mbaya mateso ya basi. Kabla ya kuondoka, pata barua ya rufaa, uliza bima inahitaji kibali gani na inalipia nini, na kama huna uwezo pitia ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali inayokupa rufaa. Ukiwa tayari umefika Dar bila barua, utazungushwa.

Aliyepigwa mionzi utotoni ana orodha nyingine ya kila mwaka, hata mgongo ukiwa salama: urefu, tezi ya shingo, homoni, usikivu, na maendeleo ya darasani. Ziombwe kliniki moja, siku moja na MRI, ili nauli iwe moja.

Ukurasa wa kwanza wa faili

Andika kwa mkono, herufi kubwa, kisha upige picha kwa simu:

Jina kamili, na jina lililotumika hospitali ya zamani.
Aina ya uvimbe na daraja. Tarehe na mahali pa upasuaji.
Mionzi: sehemu, Gy, tarehe. Dawa zilizotumika.
Mpira kichwani: upo au haupo, vali ya aina gani.
MRI ya mwisho ya kichwa: tarehe. MRI ya mwisho ya mgongo wote: tarehe.
Kinyama kimehifadhiwa maabara ipi, namba gani.
Nina hatari ya uvimbe kushuka kwenye uti wa mgongo. Miguu ikilegea au mkojo ukigoma, naomba MRI ya mgongo wote kwa kontrasti haraka.
Namba za ndugu wawili wasioishi nyumba moja.

Tarehe za MRI ziandikwe kwa penseli.